Ndimu Juu ya Kaburi

Kwetu, kitu kikiharibika, aliyekiharibu ni mtu mwingine. Pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, ikiungua, ni kuni za jirani. Mtoto akifeli shuleni, ni mwalimu mwenye wivu. Na maandishi yalipoanza kupotea kwenye jiwe la kaburi letu, watu wazima wenye kofia na tasbihi walikaa juu ya mkeka wakamtafuta mwenye kosa. Wa kwanza kutajwa alikuwa mvua. Wa pili alikuwa Mbelgiji. Nilikuwa mtoto, lakini macho nilikuwa nayo, na niliona kwamba hakuna aliyeangalia mikono yake mwenyewe.

Jiwe lenyewe lilikuwa la papa wa koko, yaani baba yake. Koko ni nyanya yangu, mama wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Papa yake alifika Kisangani pamoja na wafanyabiashara wa zamani, wale walioleta Kiswahili na misikiti mpaka kwenye maporomoko. Alioa hapa, akapanda mpunga hapa, akafa wakati koko alikuwa bado msichana. Alizikwa kwenye kiwanja chetu kidogo cha makaburi, nyuma ya mtaa, pale ardhi inapoanza kushuka kuelekea mtoni. Makaburi mengine yalikuwa na vipande vya jiwe jeusi la mto, au hayakuwa na kitu. La kwake peke yake lilikuwa na jiwe jeupe lenye maandishi ya Kiarabu. Tuliambiwa kwamba jiwe hilo lilitoka pwani, likabebwa kichwani na wapagazi, msitu baada ya msitu. Wapagazi wenyewe hawakuwahi kuulizwa habari hiyo, na wao hakuna aliyewawekea jiwe.

Kwa sababu ya jiwe lile tuliwadharau watu wote. Jirani akijenga nyumba ya matofali, mama alisema, "Sawa, lakini wao hawana jiwe." Mtu kutoka Maniema akija kuposa, wajomba walimpeleka kwanza makaburini ili aone anaoa kwa nani.

Wajomba hao walikuwa wawili. Tonton mkubwa alikuwa fundi cherehani. Tonton mdogo alileta samaki wa moshi kutoka Yanonge kwa mtumbwi. Wote wawili walikuwa wasomaji wakubwa wa jiwe. Walisimama mbele yake, mikono nyuma, wakamsomea mgeni mstari kwa mstari kwa sauti ya msikitini. Ila Kurani waliipata utotoni kwa masikio, na herufi zile za jiwe zilichongwa kwa kupindapinda, kwa hiyo kila mmoja alisoma yaliyomfaa. Nilipokuwa mdogo kabisa, marehemu alikuwa mfanyabiashara. Mstari wa juu ulipopotea, akawa mwenye misafara. Ulipopotea wa pili, tonton mdogo akagundua kwamba alikuwa mtu wa nyumba ya sultani. Kadiri jiwe lilivyofutika, ndivyo marehemu alivyozidi kupanda cheo. Lingebaki tupu kabisa, Mungu atusamehe, sijui tungemfikisha wapi.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutanielewa. Kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, wanawake wa ukoo tulikwenda kuliosha jiwe. Tulibeba vikapu vya ndimu zilizokatwa, mchanga wa mto, na madodoki. Koko alikamua ndimu ya kwanza yeye mwenyewe. Maji ya ndimu yalipoenea, jiwe lilianza kutoa povu, vitone vidogo vyeupe vinavyopanda na kupasuka, na ukisogeza sikio ulisikia sauti ndogo ya kitu kinachochemka. Koko alipiga magoti, akaweka sikio, akafumba macho.

"Papa ameitika," alisema.

Wanawake walishukuru Mungu, na koko akaanza kumpa habari za mwaka: nani amejifungua, nani ameachwa, na mke wa nani amekimbilia Bafwasende na dereva wa lori. Povu likipungua, mtu alikamua ndimu nyingine ili mzee asikilize zaidi. Baada ya salamu tulisugua. Tulisugua kwa mchanga mpaka viganja vikawaka moto, kwa sababu kusugua polepole ilikuwa alama ya mtu asiyempenda marehemu. Maji yaliyoteremka kutoka kwenye jiwe yalikuwa meupe, mazito kidogo, na yalihesabiwa kuwa baraka. Mama zetu walitupaka kwenye paji la uso. Nilikuwa nikirudi nyumbani na ngozi inayokaza, ninajiona mtakatifu.

Koko alikuwa na ombi moja tu katika dunia hii, na alilisema kila alipokohoa. Alitaka azikwe pale, miguuni pa papa yake. Alikuwa amewazika mume na wadogo zake wote, kila mmoja mahali pake, na hakulia sana. Lakini ukimgusia kwamba huenda akazikwa kwenye makaburi makubwa ya mji, katikati ya watu asiowajua, midomo yake ilitetemeka kama ya mtoto.

Nilipelekwa shule, jambo ambalo wajomba walilipinga na baadaye wakajisifia. Huko tulikuwa na mwalimu mmoja aliyependa mawe kuliko watu. Alitupeleka kwenye maporomoko wakati maji yamepungua, akatuonesha mashimo ndani ya mwamba, yale ambamo Wagenia husimamisha miti yao ya kutegea samaki. Akatuambia kwamba mengi yalichimbwa na maji yenyewe, kwa kuzungusha kokoto ndani ya kishimo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Akatuambia jua hulipasha jiwe na mvua hulipoza ghafla mpaka linapata ufa. Mzizi ukiuona ufa huingia na kujinenepesha humo, kuvu nao hutafuna polepole juu, mto hubeba vipande na kuvisaga. Udongo wetu mwekundu tunaoukanyaga ulikuwa mwamba zamani, alisema, na mchanga ni mlima uliochoka. Kwa haba na haba tulizoea kusikia kibaba kinajaa. Yeye alitufundisha kwamba kwa haba na haba mlima unaisha.

Siku nyingine alileta ganda la konokono na siki. Akasema kuna mawe ambayo ndani yake ni chokaa, sawa na lile ganda, na chokaa haiwezani na uchachu. Hata mvua ina uchachu kidogo sana, ambao inauokota hewani. Kisha akamwagia siki lile ganda.

Povu likapanda. Darasa lilicheka kwa furaha, mimi sikucheka. Povu lile nilikuwa ninalifahamu. Nilikuwa nimepakwa usoni tangu utoto.

Watu husimulia jinsi walivyokaa na ukweli moyoni miaka mingi. Mimi niliutoa jioni ileile, mbele ya sahani. Nilisema ndimu zetu ndizo zinazoyala maandishi, na mchanga unamalizia. Koko alikuwa chumbani anaswali, hakunisikia. Tonton mkubwa alinisikia vizuri.

"Donc," alisema, akiweka tonge chini, "tunakutuma ku masomo ndio ukuje kutuambia papa ya koko iko konokono?"

Mama alinifinya paja chini ya meza. Tonton mdogo akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mazungumzo yakarudi kwenye mvua na Wabelgiji. Shaabani iliyofuata niliambiwa nisugue upande mgumu, ili akili inirudie.

Halafu uhuru ukaja. Tonton mkubwa alishona bendera mpaka sindano zikamwishia, na watu wakaimba barabarani mpaka sauti zikakauka. Kwenye mkeka wetu, jiwe lilipata mkosaji mpya, kwa kuwa Mbelgiji alikuwa ameondoka na maandishi bado yanapotea. Ilisemekana kwamba vumbi la uhuru ni kali. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na nilijifunza kucheka ndani kwa ndani.

Kwenye komini, ofisi ya mtaa, kiti cha Mbelgiji kilipata mwenyewe mpya, bwana wa tai, aliyekuwa karani wa kiti hichohicho. Jambo la kwanza alilolihitaji lilikuwa jukwaa la kuhutubia. Akazunguka mtaa mzima na kugundua kwamba mahali penye upepo mzuri na mto kwa nyuma ni kiwanja chetu cha makaburi. Akatoa amri. Kaburi lenye jina linalosomeka litaheshimiwa pamoja na kiwanja chake, na penye makaburi yasiyosomeka ni pori, na pori ni mali ya Serikali. Wakaguzi watakuja.

Kabla wakaguzi hawajaja, waliingia waasi. Bwana wa tai alivuka mto akiwa amevaa kitenge cha mke wake. Kwenye kiti kilekile akakaa kijana wa waasi mwenye kipande cha ngozi ya mnyama kwenye kofia. Tulidhani amri imekufa. Kumbe kijana naye alikuwa na hotuba. Alisema ubeberu umekwisha, mambo yote ya zamani yamefutwa, isipokuwa lile la jukwaa. Ukaguzi ungefanyika Ijumaa, baada ya swala.

Wakati huo kwenye jiwe ulikuwa umebaki mstari mmoja, wa chini, ule wenye jina. Herufi zake hazikuzidi mkwaruzo wa ukucha. Na koko alikuwa anakohoa vibaya. Alikuwa haendi tena sokoni, na usiku alikuwa anatuuliza kama Ijumaa imefika.

Wajomba walikaa kwenye mkeka wakashauriana. Mashauri yenyewe hayakuchukua muda. Wakubwa wanakuja, jiwe limeota kuvu, tutaona haya. Lazima lioshwe vizuri, kuliko miaka yote, mpaka jina ling'ae. Tonton mdogo akateremka Yanonge kwa mtumbwi, akarudi na gunia zima la ndimu. Hatari ilikuwa njiani, waasi wanasimamisha watu kila mahali, na yeye akapita akiwaambia ni dawa ya familia. Sijawahi kumwona mtu jasiri namna ile kwa ajili ya kujimaliza.

Nilisema tena, safari hii nikiwa nimesimama. Tonton mkubwa aliniambia mwanamke aliyesoma ni mzigo kwa Mungu na kwa mume. Basi nikaenda kwa koko.

Nilimkalisha nyuma ya jiko, kwenye kigoda chake, nikaweka mbele yake ganda la konokono na ndimu. Nilikuwa ninaogopa. Nikakamua.

Povu lilipanda, na ile sauti ndogo ikasikika. Koko aliinamisha kichwa kusikiliza kwa mazoea, kisha akakiinua. Akachukua nusu nyingine ya ndimu, akatafuta ganda jingine kwenye majivu, akakamua yeye mwenyewe. Akakamua juu ya ganda la yai pia. Yote yaliitika.

"Hii konokono iko inanisalimia mimi?" aliuliza.

"Hapana, koko. Ndimu inakula chokaa. Jiwe la papa yako nalo iko chokaa."

"Na ile maji nyeupe tunapakaa batoto?"

"Ni jiwe lenyewe, koko. Ni maandishi."

Nilitegemea kofi, na ningelipokea kwa shukrani. Aliangalia viganja vyake, ule upande ambao mchanga uliulainisha miaka yote hiyo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema mwenye nguo afanye nini akikiona.

"Nilikuwa ninamupa habari," alisema, "kumbe ninamukula."

Siku iliyofuata, wajomba walipofika makaburini na gunia lao, na wanawake nyuma wakiwa na mchanga, walimkuta koko ameketi juu ya jiwe. Alikuwa amejifunga kitenge mpaka kifuani na fimbo iko mapajani. Alisema atakayetaka kukamua ndimu akamue juu ya kichwa chake. Tonton mkubwa alimbembeleza, akamkumbusha heshima ya ukoo, akamwambia ataugua kwa baridi ya jiwe. Tonton mdogo akauliza gunia lake sasa lifanyiwe nini. Wanawake waliweka vikapu chini, wengine wakakaa wakaanza kusukana nywele, maana ilionekana itachukua muda. Koko alikaa pale mpaka magharibi, akarudi kesho yake asubuhi, na mimi nilimletea uji. Ndimu tulizila na samaki mpaka meno yakatushika ganzi.

Ijumaa wakaguzi wakaja. Kijana wa ngozi ya mnyama alikuwa mbele, na wapiganaji wake nyuma, wakiwa wamevaa majani. Walikuwa wamenyunyiziwa ile dawa ya maji ya kuzuia risasi, na dawa ile ilikuwa na miiko: mpiganaji asishikane mkono na mtu, na zaidi ya yote asiguswe na mwanamke. Sisi wanawake tulirudi nyuma hatua nzuri. Koko hakurudi. Alishuka tu kutoka kwenye jiwe, akalipangusa kwa ncha ya kitenge.

Tonton mkubwa akaanza. Akaeleza kwamba marehemu aliwapiga wazungu vita kabla ya watu wote, na kwamba kwa kweli alikuwa mwasi wa kwanza. Kisha akasoma jina. Lilikuwa refu, na lilikuwa na sultani ndani yake. Tonton mdogo, ambaye hakupenda kaka yake apate sifa peke yake, akasema kuna neno limerukwa, akasoma jina lake. Lilikuwa refu zaidi.

"Bon," alisema kijana. "Mutu mumoja, majina mbili. Nani hapa iko mwongo?"

Kijana alitazama jiwe, na mimi niliona kile alichokiona yeye: ubao mchafu wenye kuvu, hauna kitu. Akageuka kuwaambia watu wake walete kamba ya kupimia.

"Mutoto yangu," alisema koko, "sikugusi. Weka kidole yako mwenyewe, hapa."

Kijana alisita. Akaangalia wapiganaji wake, halafu akachuchumaa, akaweka kidole pale alipooneshwa. Koko akasimama upande wa pili, mbali ya kutosha, akamwongoza kwa mdomo, maana herufi zile alifundishwa usichana na vidole vyake vilizipitia kila Shaabani. Teremka kidogo. Pinda, sawa na ndoano. Sasa panda. Pumzika, hapo hakuna kitu. Endelea, utakuta nukta. Umeipata? Kijana alikuwa amefumba macho. Kidole kilikwenda polepole kutoka kulia kwenda kushoto, na kila koko alipomaliza herufi aliitaja. Alipomaliza mstari alilitaja jina zima. Lilikuwa fupi, jina la mtu wa kawaida likifuatwa na la papa yake.

"Hapa hakuna sultani," alisema koko. "Papa yangu aliuza chumvi na sindano."

Tonton mkubwa alitazama mtoni. Kijana akarudisha kidole mwanzo na kupita tena, safari hii bila kuongozwa.

"Iko jina," alisema akisimama. "Alors, kiwanja kinabaki." Kisha akauliza, kama mtu anayetaka kujua tu, ni nani aliyefuta mistari mingine.

"Wabelgiji," alisema tonton mkubwa.

"Mvua," alisema tonton mdogo.

"Ni mimi," alisema koko.

Kijana alidhani mzee anatania, akacheka kidogo, akaondoka na watu wake kutafuta mahali pengine pa jukwaa. Jioni wajomba walikula wali na kuku, na mpaka wanalala ilishakuwa wazi kwamba wao wawili ndio walioliokoa kaburi, kwa busara na kwa kujua kuongea na wakubwa.

Koko hakula. Alikuwa amekipata alichokiomba maisha yake yote. Baada ya hapo aliniomba mara kadhaa nimpeleke makaburini. Alipiga magoti, akaweka sikio juu ya jiwe kavu, akangoja. Nilisimama pembeni nikitamani kujikata ulimi. Siku moja alikaa hivyo mpaka nikamwinua kwa nguvu.

"Zamani nilikuwa ninajua amesikia," aliniambia njiani. Hakusema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ndege zilipokuja, na askari wa Serikali wakarudi pamoja na wazungu wao, tulikaa chini ya vitanda. Mji ulipotulia, tonton mkubwa alikwenda kumweleza mkubwa mpya wa komini kwamba marehemu alikuwa rafiki wa wazungu tangu zamani, na jiwe linasema hivyo. Mkubwa mpya alikuwa na maiti wengi barabarani. Alimwambia makaburi yenu ni yenu, ondoka.

Koko alikufa kwa kikohozi chake, juu ya mkeka wake, mimi nikimshika kichwa. Tulimzika miguuni pa papa yake, kama alivyotaka. Udongo ulikuwa umelowa, na mpaka tunamaliza nguo zetu zote zilikuwa nyekundu. Ba-tonton walinivuta pembeni palepale. Walikuwa wamepata jiwe zuri la kumwekea, na kwa kuwa mimi nilisoma, walitaka niwaandikie maneno yake, nisisahau kwamba alikuwa mjukuu wa sultani.

Niliwaambia aliniachia maneno yake mwenyewe, siku chache kabla ya kufa, na nitawaambia kama alivyoyasema.

"Mimi musiniwekee jiwe. Mutanipenda mpaka munifute."